Ng'ombe wa Saba

Watu wa Katesh wanasema mimi ni mkali. Si kweli. Mimi nasoma tu. Mtu akiniletea barua niichape, naisoma kwanza mpaka mwisho, na nikikuta kosa namwambia liko mstari wa ngapi. Juzi nilimwambia mmoja, mstari wa tatu, umekosea jina la kijiji chako mwenyewe. Akanuna. Sasa jamani, mtu kakosea jina la kijiji alichozaliwa, halafu mkali niwe mimi? Lakini nimeshazoea. Dukani kwangu haitoki karatasi yenye kosa, labda mwenyewe aling'ang'anie kosa lake.

Jina langu ni Baltazar. Nyumbani ni Nambis, huko Mbulu kwenye baridi, ila maisha yalinishusha mpaka huku Katesh, chini ya Mlima Hanang. Nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika hadi miaka ya tisini walipopunguza wafanyakazi. Barua za kuachishwa kazi nilizichapa mimi, zote, pamoja na ya kwangu. Ya kwangu haikuwa na kosa hata moja. Nikaondoka na tapureta kuukuu, nikafungua kibanda cha kuchapa karibu na stendi.

Mungu hamtupi mja wake. Mwaka 2002 mkoa ulikatwa, sisi tukatoka Arusha tukawa Manyara, na mimi nikapata riziki yangu. Kila shule, kila parokia, kila kikundi cha kina mama kilikuwa na karatasi zilizoandikwa "Mkoa wa Arusha" juu, na zote zikataka kuandikwa upya. Nilichapa neno Manyara mpaka vidole vikawa vinalichapa vyenyewe. Ndipo nikanunua kompyuta na mashine ya fotokopi, na kibanda kikawa duka.

Haya yote nayasema kwa sababu ya mpwa wangu Imakulata, mtoto wa dada yangu Fransiska. Watu wananiuliza ilikuwaje mtoto wa Nambis akafika alikofika, na kila mtu ana hadithi yake ya uongo. Ya kweli ninayo mimi, kwa kuwa ilianzia dukani kwangu.

Likizo moja alishuka kunisalimia, akiwa na miaka kumi na mitatu hivi. Nikamruhusu aguse kompyuta kidogo. Akabonyeza herufi moja, akaitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Mjomba, nikibonyeza A, humo ndani nani anajua kwamba hii ni A?" Nikamjibu kwamba kompyuta ndiyo inajua. Akauliza ni kompyuta yote au kuna sehemu yake. Nikamtuma maji. Alirudi na ndoo kichwani akauliza tena kabla hajaitua.

Mwaka uliofuata kompyuta ilizimika ikagoma kuwaka. Niliporudi kutoka misa ya Jumapili nikakuta ameifungua, vipande vyote vimepangwa juu ya kanga ya mke wangu. Niligomba siku ile, niseme ukweli, niligomba mpaka majirani wakaja kuangalia nani kafa. Yeye akasubiri nimalize. Kisha akaeleza kwamba kuna kipande kilikuwa kimelegea na vumbi limejaa, akakipangusa, akakirudisha, kompyuta ikawaka. Sikumwomba radhi. Nilimpa soda, naye akaelewa.

Basi, akasoma, akafaulu, akafika chuo kikuu Dar es Salaam kusomea uhandisi wa kompyuta. Kila akipiga simu alikuwa analalamika, si kwa ajili ya chakula wala joto. Alikuwa analalamika kwamba lile swali lake la A bado hajajibiwa vizuri. Akanieleza kwamba kuna watu wanaochora ubongo wenyewe wa mashine, mahali umeme unapopita, na kuna wanaoandika programu inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza yawe amri ambazo ubongo ule unazielewa. Programu hiyo inaitwa kompaila. Yeye alitaka kusimama hapo katikati, maneno yanapogeuka umeme. Lakini darasani wako mia na zaidi, wanaandika kutoka ubaoni, na mashine ya namna hiyo hakuna aliyeishika. Alitaka mwalimu mmoja tu anayefanya utafiti amchukue, aone kazi inavyofanyika kwa mikono.

Aliandika barua tisa kwa walimu tisa. Kimya. Ya kumi akanitumia niisome, na hapo mniache nijisifu kidogo. Nilimpigia simu nikamwambia, mstari wa pili umesema uko tayari kufanya chochote. Futa. Mtu wa chochote hapewi chochote. Sema unachokitaka. Akaandika upya, akasema anataka kujua maneno yanavyogeuka umeme, na kwamba swali hilo analo tangu darasa la sita. Wiki haikuisha akajibiwa.

Aliyejibu ni mwalimu mmoja mwanamke, Dokta Lucia. Yeye na wenzake walikuwa wamechora ubongo mdogo wa mashine, wa kwao wenyewe, na sasa walihitaji kompaila yake. Alikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi kwa muda uliobaki wa likizo ndefu ya mwaka ule, mwaka 2010. Walioomba walikuwa wanne. Akawapa wote jaribio lilelile: programu ya hesabu nyingi nyingi, waitafsiri kwa namna ambayo mashine ile itaimaliza kwa hatua chache. Mwenye kuvuka hatua elfu ishirini asijisumbue kutuma. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane, saa sita mchana.

Imakulata akaja Katesh na flashi mfukoni, humo ndani mna programu ya kuigiza mashine ya Dokta. Akakaa kwenye kompyuta yangu nzuri, mimi nikabaki na ile mbovu. Mke wangu alisema nimempendelea. Nimempendelea, ndiyo. Kwani siri?

Siku ya kwanza nilimtaka anieleze, maana siwezi kukaa na kitu kwenye duka langu nisikijue. Akanichorea. Ubongo ule una nafasi nane za kushika namba, kama mtu anavyoshika kitu mkononi. Mbili zina kazi zake maalumu, zinabaki sita. Namba nyingine zote zinakaa mbali, kwenye kumbukumbu, na kuzifuata kule na kuzirudisha kunakula hatua. Sasa nafasi sita zimejaa, namba ya saba inataka kuingia. Nani atoke? Hilo ndilo kompaila inapaswa kuamua, tena mara elfu.

Nikacheka. Nikamwambia mpwa wangu, hiyo si kompyuta, hilo ni zizi la mama yako.

Niwaeleze. Nambis ardhi imejaa watu, malisho ni ya kupimia kwa kijiko. Zizi la dada yangu Fransiska linachukua ng'ombe sita, wa saba akiingia mmoja atoke. Wanaotoka wanawekeshwa kwa rafiki yetu Mzee Gidagurja, mfugaji wa Kibarbaig wa upande wa Basotu, kwenye tambarare za Hanang ambako nyasi zipo. Yeye anawachunga na kunywa maziwa, sisi ng'ombe anabaki wetu. Urafiki huo aliuanza baba yangu na baba yake. Na utaratibu wake haubadiliki: hatuendi mikono mitupu. Tukimfuata ng'ombe mmoja, tunashuka na mwingine. Mmoja anashuka, mmoja anapanda.

Imakulata alicheka na yeye, halafu akaanza kuandika kwa kasi. Kumbe ameichukulia kweli. Kanuni aliyoandika ni hii: namba inayotumika sana ibaki, inayotumika kidogo itoke. Mwenye maziwa abaki zizini, mkavu ashuke tambarare. Ilimchukua siku nne. Alipoipima, hatua zilikuwa elfu arobaini na moja. Kabla ya hapo, bila kanuni yoyote, zilikuwa elfu thelathini na nane.

Akanigeukia akaniambia ushauri wangu umemrudisha nyuma. Nikamjibu kwamba mimi nilifanya mzaha, sikumtuma. Tukanuniana mpaka chakula cha mchana. Nikimwangalia niliona macho yamemwingia ndani, na nafasi yenyewe ni moja, na siku zilikuwa zimebaki tisa. Niliogopa. Nilijua akirudi chuoni bila nafasi ile ataendelea kuandika kutoka ubaoni mpaka amalize, apewe cheti, aje kutengeneza printa za watu hapa Katesh. Si kazi mbaya, mimi inanilisha. Ila si kazi yake yeye.

Na hapo hapo Fransiska akapiga simu. Mtamba wake aliyekuwa kwa Gidagurja amekaribia kuzaa kwa mara ya kwanza, anataka azalie nyumbani, twende tukamlete. Imakulata hakutaka hata kusikia. Alisema yuko vitani. Mama yake akamjibu kwamba mtamba naye yuko vitani. Tukapanda gari asubuhi kwenda Nambis, mpwa wangu amenuna njia nzima, ameshika karatasi zake mapajani.

Tulifika, tukasalimia, tukanywa chai, tukaingia zizini kuchagua wa kushuka. Fransiska alituuliza tungempeleka nani. Imakulata hakufikiri hata kidogo, akamwonyesha Kipara, ng'ombe mkavu kabisa, hana hata tone. Mimi pia ningemchagua Kipara. Dada yangu akatutazama kwa huruma.

"Kipara anazaa baada ya wiki tatu," akasema. "Umshushe leo, halafu keshokutwa umfuate tena? Miguu ni yako?"

Akamfungua Madoa. Madoa bado alikuwa akitoa maziwa, si haba, asubuhi ile tulikunywa chai yake. Imakulata akashangaa, akasema, lakini Mama, huyu ndiye tunayemkamua. Fransiska akaeleza bila haraka, huku anamfunga kamba, kwamba ndama wa Madoa ameshaacha kunyonya, maziwa yanaisha mwezi huu, na baada ya hapo hatakuwa na kazi zizini mpaka mvua kubwa za mwakani.

"Usiangalie nani anatoa maziwa leo," akamwambia. "Angalia nani utamhitaji mwisho. Huyo ndiye anayeshuka."

Mpwa wangu alisimama kwenye samadi, kamba imemponyoka mkononi. Nikadhani amekanyagwa. Alikuwa anatikisa midomo. Kisha akakaa kwenye jiwe la mlangoni akageuza zile karatasi zake upande wa nyuma na kuanza kuandika, na mama yake akaniuliza kwa sauti ya chini kama chuoni wanakula vizuri.

Miaka ishirini ameishi na lile zizi. Miaka ishirini ameona mama yake akichagua, na alidhani anachagua kwa maziwa. Na mimi vilevile, niliyelelewa na baba aliyechagua hivyohivyo. Kuishi na jambo si kulijua.

Tulimshusha Madoa kwa siku mbili, mimi, Imakulata na jirani yetu Tadei aliyejitolea kumpandisha mtamba. Tukalala Bashay kwa jamaa. Njia nzima Imakulata alikuwa anaongea, nami nilikuwa sielewi nusu, lakini furaha yake nilikuwa naielewa yote. Kompaila, alisema, inaweza kuisoma programu mpaka mwisho kabla ya kuitafsiri. Kwa hiyo inaweza kuangalia mbele. Inaweza kujua kila namba itahitajika lini, kama Mama anavyojua kila ng'ombe atazaa lini.

Kwa Mzee Gidagurja tulipokelewa vizuri. Ni mzee mrefu, mtaratibu, haongei sana, na neno lake ukishalipewa umelipewa. Tukamkabidhi Madoa, tukampokea mtamba. Kwa kuwa bwana mifugo alikuwa anapita maboma akiuliza nani ni mwenye ng'ombe gani, nilikuwa nimemletea Mzee kopi ya barua yetu ya makubaliano, yenye majina ya ng'ombe wetu wote. Nikamwambia, Mzee, ukishamwonyesha bwana mifugo utanirudishia. Nilisema tu kwa mazoea. Akaitikia, akaikunja, akaitia kifuani. Likumbukeni hilo.

Jumatatu tulikuwa tumerudi dukani. Jumanne jioni kanuni ya Fransiska ilikuwa imeshaandikwa. Imakulata akaipima huku amefumba jicho moja. Hatua elfu ishirini na tatu. Aliruka mpaka akagonga rafu ya madaftari. Nami niliruka, kiasi cha umri wangu. Halafu tukakumbuka kwamba mpaka ni elfu ishirini, tukakaa.

Jumatano nzima alitafuta zile elfu tatu. Akapunguza hapa, akapanga upya pale, akapata mia mbili, akapoteza mia. Alikuwa ananisomea amri za mashine mojamoja nimsaidie kuona, nami kila kitu nilikiona sawa: chukua namba kutoka kumbukumbu, itumie, irudishe kumbukumbu, chukua nyingine. Mmoja anashuka, mmoja anapanda. Hakuna kosa. Niliapa kwamba hakuna kosa, na mimi siapi hovyo.

Alhamisi ilikuwa siku ya mnada. Katesh ikajaa watu na mifugo, na duka langu likajaa vumbi na wateja. Mnamo saa nne akaingia Mzee Gidagurja na fimbo yake. Imakulata akainuka akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akarudi kwenye kioo chake. Mzee akasimama mbele yangu, akaingiza mkono kifuani, akatoa ile kopi. Alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe jasho. Ametembea nayo kutoka Basotu. Akaniambia bwana mifugo ameshaiona, na neno langu lilikuwa nirudishiwe, basi ndiyo hii.

Niliona aibu, mimi niliyesababisha. Nikamwambia, "Mzee wangu, ya kwangu bado ninayo humu kwenye faili. Hiyo ni kopi tu. Kama hukuiandika kitu, ungeitupa hukohuko."

Mzee alinitazama. "Sasa kama ungali nayo," akasema, "mbona uliniambia nirudishe?"

Nilitafuta mstari wa kumwonyesha alipokosea yeye, haukuwepo. Aliyekosea ni mimi, na nilikosea kwa sababu kwetu kila kinachokwenda kwa Gidagurja hurudi. Nilisema juu ya karatasi maneno ya ng'ombe.

Nyuma yangu kiti kikaanguka. Imakulata alikuwa amesimama, mikono kichwani.

"Mjomba, nimekuwa narudisha ng'ombe," akasema.

Wateja wote wakageuka. Akaanza kutueleza sote, pamoja na Mzee na mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ubatizo. Ng'ombe akipanda Nambis, Basotu hayupo tena. Usipomrudisha, hayuko kule. Lakini namba si ng'ombe. Ukiichukua namba kutoka kumbukumbu, kule inabaki vilevile kama ilivyo, wewe umepata kopi. Kama hukuibadilisha, hakuna haja ya kuirudisha, unaiacha tu na nyingine inakalia nafasi yake. Na yeye kila namba aliyoichukua alikuwa anaitembeza kwa miguu kuirudisha mahali ambapo ilikuwa haijaondoka. Mwanafunzi aliyezaliwa ghorofani asingekosea hivyo hata siku moja. Ni lazima uwe umelelewa na watu wasiokwenda mikono mitupu.

Akakaa akaandika. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, mistari kumi na kitu: kabla ya kurudisha, jiulize kwanza, je, imebadilika? Mzee Gidagurja alivuta benchi akasubiri naye, mnada ukaendelea bila yeye. Wateja nao hawakuondoka. Yule mama wa cheti cha ubatizo alisahau kopi yake. Saa saba kasoro Imakulata akabonyeza, na ilipotokea namba kwenye kioo alishindwa kuisoma kwa sauti, akanionyesha kwa kidole. Elfu kumi na saba na mia sita.

Akaenda kumshika Mzee mikono yote miwili. Mzee hakuelewa alichokifanya, lakini alikubali kushukuriwa. Nilimwagizia chai na nyama ya kuchoma, na safari hii sikumwambia arudishe sahani.

Ijumaa asubuhi aliandika barua ya kuambatanisha. Nikaisoma mara mbili kutafuta kosa. Sikuliona. Niliumia kidogo, lazima nikiri. Modemu ilisumbua, ikakata mara mbili, mara ya tatu barua ikaenda, saa tatu na nusu. Halafu tukabaki na kazi ya kungoja, ambayo mimi siiwezi. Siku zile tatu nilimgombeza kila aliyeingia.

Jumatatu simu ikaita. Alikuwa Dokta Lucia. Imakulata akaiweka mezani kwa spika ili nami nisikie. Dokta akasema wawili kati ya wale wanne wameshuka chini ya elfu ishirini, yeye na kijana mmoja, na kijana amemshinda kwa hatua mia tatu. Kisha akauliza kanuni ile ya kutoa kitakachohitajika mwisho ameitoa kitabu gani.

Mwingine angetaja kitabu chochote. Mimi ningetaja. Imakulata akasema ameitoa kwa mama yake, anavyochagua ng'ombe. Na ile ya kutorudisha kisichobadilika? Kwa mzee mmoja aliyerudisha kopi, akasema, na sauti ikawa ndogo.

Dokta akamweleza kwa upole kwamba mambo yote mawili yamo vitabuni, ni ya zamani kuliko yeye, yana mpaka majina. Nikamwona mpwa wangu anashuka mabega. Nilitaka kuinyakua simu nimwambie yule Dokta ukweli wake.

"Mwenzako aliyatoa kitabuni," Dokta akaendelea, "na si kosa, vitabu ni vya kusomwa. Lakini kazi yangu hii ikifika katikati, vitabu vinaisha. Ninahitaji mtu ambaye vikiisha hatasimama. Njoo, tuanze Jumatatu ijayo."

Nilipiga kelele mimi, siyo yeye. Yeye aliinamisha kichwa juu ya kibodi akalia, kioo kikajaa herufi moja mistari na mistari. Ilikuwa A. Niliwaonyesha watu baadaye, sikuifuta mpaka jioni.

Fransiska alikuwa anamtegemea kwa mavuno, na nilijua simu ya kumweleza itakuwa ngumu. Haikuwa ngumu. Alisema mahindi yatavunwa na majirani, mahindi yapo kila mwaka. Ila alitaka aelezwe tena pale ambapo kanuni yake imo vitabuni. Nikamweleza. Akauliza walioandika vitabu hivyo nao walikuwa na ng'ombe wangapi.

Mwezi wa kumi na mbili Imakulata alirudi na kompyuta ya kubeba aliyoazimwa na Dokta. Mzee Gidagurja alikuwa mjini, Fransiska ameshuka kuja kumlaki mwanawe, tukakaa wote dukani. Akatuonyesha kompaila yao. Akasema kila sehemu ya programu hupewa jina na aliyeiandika, ili wengine wajue pa kuigusa. Sehemu inayochagua namba ya kutoka inaitwa Fransiska. Dada yangu alijifunika mdomo kwa kitenge. Sehemu inayouliza kama kitu kimebadilika kabla ya kukirudisha inaitwa Gidagurja. Mzee akauliza huyo wajina wake anafanya kazi gani hasa, akaelezwa, akafikiri. Akasema huyo basi ana akili kuliko yeye, maana yeye alitembea kutoka Basotu.

Nikawa nasubiri zamu yangu. Kompyuta ni yangu, umeme ni wangu, ile barua ya kumi niliisahihisha mimi. Mwisho nikashindwa, nikauliza kama majina yamekwisha.

Imakulata akanisogezea kibodi, akaniambia niandike amri tatu kama alivyonionyesha, na ya tatu niikosee makusudi. Nikaandika. Nikabonyeza. Kwenye kioo pakatokea maandishi mekundu: MJOMBA: MSTARI WA 3, UMEKOSEA.

Walicheka, jamani. Mzee Gidagurja alicheka mpaka akaiachia fimbo. Mimi nilinuna, nikasema kumbe miaka yote hii nimeonekana mtu wa kugomba tu. Imakulata akaacha kucheka.

"Mjomba, zile sehemu nyingine zote hufanya kazi kimyakimya," akasema. "Huyu ndiye peke yake anayezungumza na mtu. Bila yeye hakuna anayejua pa kurekebisha."

Nililia, mbele ya wateja, na sioni haya kulisema. Siku hizi chuoni kwao, mwanafunzi akikosea kazi yake, wenzake hawasemi amekosea. Wanasema mjomba kagomba. Basi mkisikia mtu huko Dar es Salaam analalamika kwamba mjomba kamgombeza, mjue ni mimi wa Katesh, na mjue mstari wake ameonyeshwa.